Bei ya Haraka

Mwanangu, nimesikia unataka kutoa haidrojeni kwenye maji, na unataka uitoe kwa umeme mdogo kuliko unaotumika viwandani. Nimefurahi sana. Nimefundisha kemia huku Masasi na Newala mpaka mvi zikanitoka, na sidhani kama kuna swali nililolipenda kuliko hilo. Kaa kwanza. Najua una haraka, na ninachotaka kukwambia kinahusu hiyo haraka yenyewe.

Wewe umezaliwa juu ya uwanda wa Makonde, kwa hiyo thamani ya maji sihitaji kukueleza. Ardhi yetu ni ya kichanga. Mvua ikinyesha yote inazama, na mto huku juu hakuna. Karl Weule, yule Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, alishangaa kukuta watu wamejenga juu ilhali maji yako chini bondeni. Mama zetu walishuka na kupanda na vyombo kichwani, alfajiri kwa alfajiri. Baadaye yakaja mabomba, na hadi leo maji ya Newala na Tandahimba husukumwa na mashine kutoka chini. Umeme wa pampu ukikosekana, bomba nalo linakauka.

Ndiyo maana nilipoanza kupiga hesabu ya kupasua maji, nilidhani kazi kubwa ni kuyafikisha huku juu. Kilo moja ya haidrojeni inataka lita 9 za maji. Nikachukua lita moja, nikaipandisha mita 500, kwenye karatasi tu. Kazi yake haifiki hata kilojuli 5. Kisha nikapiga hesabu ya kuipasua lita ile ile. Nikapata kilojuli 15,900. Nikarudia nikidhani nimekosea nukta, na jibu likaja lile lile. Nguvu inayopasua lita moja ya maji ingetosha kupandisha lita zaidi ya 3,000. Ni tangi lile kubwa jeusi unaloliona kando ya nyumba za watu, likijazwa kutoka bondeni, kwa thamani ya chupa moja ya maji iliyopasuliwa.

Basi ujue unashindana na nini. Haidrojeni na oksijeni zilipokutana zikawa maji, zilitoa joto jingi. Ukitaka kuzitenganisha, lazima joto lile lote ulirudishe. Kwa kilo moja ya haidrojeni deni hilo ni yuniti 39.4, na yuniti ninazosema ni hizi hizi unazonunua kwa LUKU. Hakuna fundi atakayelipunguza deni hilo, hakuna sumaku, hakuna dawa ya kutia kwenye maji. Nakwambia mapema ili usije ukapoteza miaka yako hapo.

Lakini viwandani hawatumii yuniti 39.4. Mitambo mingi hutumia 50 na zaidi. Hiyo inayozidi ndiyo shamba lako, mwanangu. Hapo pana kazi ya kukutosha maisha yote.

Sasa chukua kalamu. Kuna kanuni moja nataka uishike, maana ningeijua nikiwa na umri wako ningeokoa mengi. Michael Faraday alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba kiasi cha gesi kinafuata kiasi cha umeme uliopita, bila kupungua wala kuzidi. Ampea moja ikipita kwa saa moja, upande wa hasi utapata haidrojeni chini kidogo ya nusu lita. Ukitaka kilo nzima, lazima zipite ampea-saa 26,600. Hapo huna ujanja. Kilichobaki mikononi mwako ni volti peke yake. Zidisha volti za seli yako, yaani chombo unamopasulia maji, kwa 26.6, utapata yuniti za kila kilo. Volti 2 ni yuniti 53. Volti 1.8 ni 48. Volti 1.48 ni zile 39.4 za deni lenyewe.

Vitabu vitakwambia maji hupasuka kuanzia volti 1.23. Ni kweli, ila pale umeme unalipa sehemu tu ya deni, na sehemu nyingine inalipwa na joto linalovutwa kutoka kwenye maji na hewa ya pembeni. Kwenye 1.48 umeme unalipa lote, na seli haipati moto wala haipoi. Ukipita hapo, kila unachoongeza kinageuka joto. Kwa hiyo ukigusa chupa ukaikuta ya moto, hela yako imepotelea hapo.

Mimi niligusa chupa ya namna hiyo nikashangilia. Ilikuwa betri ya gari ya volti 12, chupa moja ya maji ya chumvi, na misumari miwili. Mapovu yalifoka. Wanafunzi walipiga makofi. Maji yakawa ya moto, nikaona ni dalili ya nguvu. Jioni, darasa lilipokuwa tupu, nikazidisha 12 kwa 26.6. Yuniti 319 kwa kilo! Katika kila yuniti nane, saba zilikuwa zimeishia kupasha maji moto, na hata chai hayakufaa.

Dawa yake ilikuwa rahisi, na iliniuma kwa kuwa ilikuwa rahisi. Betri ni ile ile. Panga chupa sita mfululizo, chanya ya hii iunganishwe na hasi ya ile, kila chupa ipate volti 2. Umeme ule ule unaopita chupa ya kwanza unapita ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, na kila chupa inatoa gesi yake. Mapovu hayafoki. Yanapanda madogo madogo, mtu mwenye haraka angesema mtambo umekufa. Lakini kwa kila ampea unavuna mara sita. Vijana wengi nimewaona na betri za pikipiki wakifanya nilichofanya mimi, na wote hutazama mapovu badala ya mita.

Ile misumari nayo ilinifundisha jambo. Kuna mwanafunzi wangu, mtoto mwenye akili sana, alikuja mbio kuniambia ametoa haidrojeni kwa volti zisizofika hata 1.23. Amevunja sheria ya vitabu, alisema. Nikaenda kutazama. Mapovu yalikuwapo kweli upande wa hasi. Upande wa chanya hapakuwa na povu hata moja, na chini ya chupa palikuwa na matope ya rangi ya kutu. Msumari ulikuwa unaliwa. Chuma kilikuwa kinalipa sehemu ya deni kwa mwili wake. Sikumkatisha tamaa. Nilimpa mzani apime msumari kabla na baada. Alipoona umepungua uzito alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza upya. Kwa hiyo usiamini matokeo mpaka oksijeni nayo imetoka, nusu ya ujazo wa haidrojeni. Isipotoka, tafuta ni nani aliyelipa.

Utakutana na video za watu wanaoendesha magari kwa maji. Stanley Meyer, Mmarekani wa Ohio, alikusanya fedha za watu kwa ahadi hiyo, na mwaka 1996 mahakama ikaamua kwamba ni utapeli, ikamwamuru awarudishie. Kila zama ina mtu wake wa namna hiyo. Ukiwa na ile kanuni ya volti mfukoni, utamjua kabla hajakwambia bei.

Haya, turudi shambani. Volti zinazozidi zinaliwa wapi?

Umeshuka kutoka Newala kwenda bonde la Ruvuma, na umepanda tena. Kimo cha ule mteremko hakipungui hata upite njia gani. Ila anayepanda mbio, kwenye mchanga, na mzigo umekaa vibaya, hufika amemaliza nguvu mara mbili ya aliyepanda polepole kwenye njia iliyokanyagwa. Ndani ya seli ni hivyo hivyo. Kimo ni lile deni. Mengine yote ni hali ya njia, na mwendo wako.

Njia ya kwanza mbaya iko kwenye uso wa bamba linalopitisha umeme kwenye maji. Pale ndipo maji yanapoachia umeme, na upande wa oksijeni ni mzito kuliko wa haidrojeni, kwa sababu chembe za maji lazima zipite hatua kadhaa kabla oksijeni haijakamilika. Ndiyo sababu ya kutumia vichocheo. Katika maji yenye potasiamu haidroksaidi, nikeli inafanya kazi hiyo vizuri, na nikeli yenye matundu mengi inafanya vizuri zaidi kwa kuwa ina uso mpana. Njia ya pili ni maji yenyewe yaliyo kati ya mabamba, kwa sababu yanazuia umeme. Sogeza mabamba yakaribiane, volti zitashuka. Viwandani siku hizi wanayabana kabisa juu ya utando mwembamba unaotenga gesi, pasibaki nafasi. Tatu ni mapovu. Povu likiganda kwenye bamba, sehemu ile haifanyi kazi, na umeme wote unabanwa kwenye sehemu iliyobaki wazi.

Halafu kuna joto la maji. Seli ya kiwandani huendeshwa kwenye nyuzi 70 hadi 90. Maji ya moto hupitisha umeme vizuri zaidi na vichocheo huamka. Huhitaji kuni za ziada, seli inajipasha kwa hasara yake yenyewe, wewe unaifunika tu joto lisitoke.

Lakini linaloyapita yote hayo ni mwendo. Umeme ukiwa mwingi kwa kila sentimita ya mraba ya bamba, volti zinapanda. Ukiwa mdogo, zinashuka. Chukua seli moja usibadilishe kitu, punguza ampea tu, na utaona kilo ya haidrojeni inakuwa rahisi. Unalipa kwa muda na kwa ukubwa wa mabamba. Wenye viwanda wanalijua hilo, na kila siku wanapima: mabamba makubwa ni ghali kuyanunua, mabamba madogo ni ghali kuyalisha. Wewe huna mtaji wa benki unaokudai riba. Una muda. Usiuze kitu pekee ulichowazidi.

Nikupe mfano wa kiwanda, usije ukadhani ni mambo ya chupa tu. Kule Kwekwe, Zimbabwe, kampuni ya Sable Chemicals ilipasua maji tangu miaka ya 1970, kwa umeme wa nchi iliyotegemea sana bwawa la Kariba. Haidrojeni ikawa amonia, amonia ikawa mbolea, mbolea ikaenda kwenye mahindi. Mwaka 2015 mitambo ya kupasua maji ikazimwa. Umeme ulikuwa haba nchini, na mitambo ile ilikuwa inakula fungu kubwa kwa bei ya chini. Kiwanda kikabaki na amonia ya kununua kutoka nje. Mimi naisoma habari hiyo kwa uchungu. Tani moja ya amonia inataka kilo 178 za haidrojeni. Kwa seli ya volti 2 ni kama yuniti 9,500. Kwa seli ya volti 1.52 ni kama 7,200. Yuniti zaidi ya 2,000 kwa kila tani, zimelala kwenye nusu volti. Sisemi zingeitosha Kwekwe. Nasema ni mbolea ya watu.

Na hiyo volti 1.52 sikuitunga. Mwaka 2022 watafiti wa Wollongong, Australia, walichapisha habari za seli iliyotumia yuniti 40.4 kwa kilo, ikiwa kwenye nyuzi 85. Hawakuzamisha mabamba. Maji yanafyonzwa na utando kutoka chini, yanayafikia mabamba kidogo kidogo, na gesi inatoka upande wa pili bila kufanya mapovu. Waliliondoa povu lenyewe, badala ya kupigana nalo. Ilikuwa maabara, na kutoka maabara hadi kiwandani ni safari ndefu. Ila tazama walipofika: yuniti moja tu juu ya deni.

Sasa utaniuliza kwa nini tuhangaike, na Mnazi Bay kuna gesi iliyogunduliwa tangu 1982. Swali zuri, na usimkwepe atakayekuuliza. Kutoa haidrojeni kwenye gesi asilia, kwa hesabu tupu ya kemia, kunataka kama moja ya saba ya nguvu inayotakiwa na maji. Ndiyo maana haidrojeni nyingi duniani inatoka huko. Lakini kila kilo inakuja na hewa ya ukaa kilo 9 au 10, na gesi ikichimbwa haioti tena. Ukisikia bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na siku za mvua nyingi maji yake ni ya bure, hapo hesabu ya kupasua maji inaanza kuwa na maana. Na bado kila volti utakayookoa itaamua.

Kuna mlango mwingine, nikuonyeshe tu kwa mbali. Sehemu ya lile deni ni ya kugeuza maji kuwa mvuke. Mvuke ukiupata bure, umeme unaotakiwa unashuka hadi karibu yuniti 34. Kuna seli za kauri zinazopasua mvuke kwenye nyuzi 700 na zaidi. Kenya wanazalisha umeme kwa mvuke wa ardhini Olkaria tangu 1981. Na mtambo wa amonia wenyewe hutoa joto linalotosha kuchemsha maji. Kijana atakayeikutanisha seli ya mvuke na mtambo wa amonia nitampigia magoti.

Huku kwetu hatuna mvuke wa ardhini, lakini tazama tulicho nacho. Nachingwea, jirani na Masasi, kuna nikeli kwenye kilima cha Ntaka. Ruangwa kuna kinywe. Na juu ya uwanda kila nyumba iliyoweza imechimba shimo la kuvunia maji ya bati. Maji hayo ndiyo bora kwa kazi yako, maana hayajapita kwenye mawe yenye chokaa. Maji ya kisima huacha ukoko mweupe kwenye bamba la hasi, na volti hupanda siku baada ya siku bila wewe kujua sababu.

Basi anza hivi. Chumvi usitumie, itakutolea klorini, ile harufu ya dawa ya kufulia inayobana kifua. Tumia magadi kwenye maji ya mvua, uyachuje. Kile kijiti cheusi cha katikati ya betri ya tochi, na kinywe chochote, usikiweke upande wa chanya. Oksijeni itakila. Vijiko vya chuma kisichoshika kutu ndivyo usiviguse kabisa: maji yakigeuka manjano, ile ni sumu ya kromiamu. Tafuta nikeli. Mafundi wanaofufua betri za kompyuta wana vibati vyembamba vinavyounganisha seli, na vingine ni nikeli tupu. Vingine ni chuma kilichopakwa nikeli juu. Kikwaruze, kilaze kwenye maji ya chumvi usiku mmoja. Kikishika kutu, si chenyewe.

Haidrojeni na oksijeni usizikusanye kwenye chombo kimoja. Hilo silijadili. Mchanganyiko ule unataka cheche ndogo tu, na macho hayauzwi Masasi wala Muhimbili. Fanyia kazi nje, chini ya mkorosho, mbali na jiko la mama yako.

Kwenye daftari uandike volti, ampea, joto la maji, nafasi kati ya vibati, na ujazo wa gesi zote mbili. Badilisha kitu kimoja kwa siku. Najua utatamani kubadilisha vitatu. Vikibadilika vitatu na volti zikashuka, hutajua umshukuru nani.

Siku ya kwanza weka volti 1.6 kwa kila seli. Mapovu yatakuwa machache sana, pengine uinamie chupa ndiyo uyaone. Mkono wako utaenda wenyewe kuongeza volti. Usiongeze. Pasha maji kwanza, sogeza vibati, kisha upime tena.